Bi Eddah Awino na Mlango wa Tatu

Bi Eddah Awino Odera anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuutumikia Mradi wa Hodi kwa miaka kumi na tisa. Au ishirini na miwili. Faili ya ofisi inasema kumi na tisa, tangu alipoajiriwa kuwa msimamizi wa wanaojitolea. Wanaojitolea wenyewe wanashikilia ishirini na miwili, kwa kuwa alianza kubisha milango ya watu kabla mradi haujapata hata meza. Mwenyewe nilipomuuliza alisema ni kumi na sita, ile mingine ati alikuwa akinywa chai za watu tu. Nimejumlisha, nimetoa, nimeshindwa. Chagueni hesabu mnayoitaka.

Mimi ni Wanza Kavumbi, wa meza ya pili pale ofisini Kibokoni, ile iliyo chini ya feni isiyozunguka. Mwenyekiti wetu, Bwana Ngowa, aliniagiza niandike ukurasa mmoja na nusu wa kuchangamsha, usomwe ukumbini kabla ya biriani, na akasisitiza usizidi. Umezidi. Samahani, mwenyekiti. Nilianza vizuri, hata nikajisifu moyoni, mpaka nilipofungua kabati la kadi za zamani kutafuta idadi ya familia. Tangu siku hiyo sijui niandike nini na niache nini. Nacheka, kisha nakasirika, kisha nacheka tena, na mume wangu amekwisha kuniuliza mara mbili kama nina homa.

Nitafika huko. Kwanza adabu.

Bi Eddah alikuja Mombasa mwaka 1986, bibi harusi kutoka Siaya, akimfuata marehemu Mzee Odera aliyekuwa fundi wa reli. Walipata chumba Mbaraki, na mpaka leo anakaa Mbaraki, ingawa si chumba kile. Kiswahili alichokuja nacho, kwa maneno yake, kilikuwa cha kuulizia njia na kununulia chumvi. Leo akipita Kibokoni asubuhi huamkia mtaa mzima, wazee wa barazani, wauza mahamri, na paka pia, wala haondoki mpaka aulize hali ya kila aliye ndani. Njia ya dakika tano humchukua nusu saa. Wale waliokuwa wakimcheka matamshi zamani sasa ndio anaowasahihisha.

Kazi yenyewe, kwa wageni wetu wa Ijumaa wasioijua, ni hii. Kisiwa hiki kimejaa watu mpaka pomoni, na bado humo vyumbani kuna vijana wenye watoto wachanga wasiokuwa na mtu. Mama amemfuata mume kutoka Kitui, au Faza, au Busia. Mume yuko bandarini, au yuko njiani na lori, au yuko melini. Yeye amebaki na mtoto na kuta nne, siku ya tatu hajasikia mtu akimwita kwa jina. Sisi humpelekea mgeni, mara moja kwa wiki, saa moja, mpaka atakapoweza kusimama mwenyewe. Mgeni wetu habebi dawa, habebi unga, habebi mafunzo. Anakwenda kuketi.

Na kabla hajaketi, anaomba maji ya kunywa. Hii ni kanuni ya Bi Eddah na amewafundisha nayo watu mia moja thelathini na wawili. Anasema mtu anayepewa tu kila siku hujiona mzigo, mwambie yeye akupe, utaona anavyonyanyuka. Mwanzoni wafadhili hawakuelewa. Walitaka tupeleke sabuni. Bi Eddah akawaeleza kwa upole kwamba sabuni huisha, akawaomba maji, wakampa, na mambo yakaisha hapo.

Siwezi kupita bila kutaja kicheko chake. Huanza chini kama mtu anayekohoa, hukwama, mkadhani kimekwisha, kisha hupasuka, na mwishoni hufuatwa na mama yangu wee. Kicheko hicho hakifichiki. Mkikumbuke, kitatufaa mbele.

Wakati wa korona, tulipokatazwa kuingia majumbani, wengi wetu tulikaa nyumbani tukingoja simu. Bi Eddah alichukua kigoda chake akakiweka uchochoroni Mji wa Kale, akaketi na barakoa yake, akawa anazungumza na wenyewe walioko juu, kwenye roshani. Mama mmoja alikuwa akimteremshia maji kwa kikapu na kamba, kikapu kile kile cha kununulia mkate. Siku moja aliuliza kwa sauti mtoto amelala vipi, akajibiwa na roshani tatu kwa mpigo, mbili kati yake si za mradi. Mtoto wa kwanza alikuwa na kikohozi, wa pili hakulala kabisa, wa tatu alikuwa na miaka kumi na tisa na alirudi nyumbani alfajiri. Bi Eddah aliwashauri wote watatu.

Kisha kuna ile kanuni yake ya ngazi, ambayo imetutoa jasho sote. Ukishafika mlangoni kwa mtu kwa mara ya kwanza, usibishe. Rudi mpaka chini, angalia umeingilia upande gani, panda upya ukihesabu milango, ndipo upige hodi, na baada ya salamu tu uulize jina. Hatukuelewa. Joto la Mombasa mnalijua na ngazi za Mji wa Kale mnazijua. Bwana Kiti, mstaafu wa bandari na mmoja wa watu wetu bora, aliifuata kanuni hiyo katika jengo moja la orofa nne pale Makupa. Alipanda, akashuka, akapanda, na mlinzi akamkamata kwa kudhani anapeleleza nyumba za kuiba. Alifungiwa stoo na ndoo za rangi. Bi Eddah alikwenda kumwombea akafunguliwa, na badala ya kumpa pole alimuuliza kwanza kama alihesabu. Kwa miaka tumelisimulia hilo tukicheka. Tulidhani ni kichaa kidogo tu cha mtu mzima, kama wengine wanavyozima jiko mara mbili.

Sasa nimefika kabatini.

Nilikuwa nahesabu. Kadi za familia ni mia nne na kumi na saba, kila moja imeandikwa nambari, jina, na mistari michache kwa kila ziara. Ya arobaini na moja ilikuwa na jina langu. Sikushtuka, kwa sababu wengi wenu mnajua kwamba mimi nilianza kama mama wa kutembelewa na mradi huu kabla ya kuwa mfanyakazi. Nilifurahi. Nikaketi chini kwenye sakafu niisome, nikitaraji kujiona nilivyokuwa kijana.

Kadi ilisema nilitembelewa mara kumi na moja, kila Jumanne, kuanzia tarehe 2 Februari 2010 mpaka tarehe 13 Aprili. Mwandiko ni wa Bi Eddah. Ziara ya nne: mama amecheka leo. Ya sita: mtoto wake wa kiume ameota jino. Ya saba: mama anashona kofia, ana mkono mwepesi. Ya tisa: mama ameniuliza kama baba wa mtoto hajambo huko, sikuelewa, nimemjibu hajambo. Ya kumi na moja: mama anasema sasa anapata usingizi.

Jamani. Mtoto wangu ni msichana, Mumbua, mnamjua. Mimi sijawahi kushona hata kifungo. Na katika Jumanne zile kumi na moja hakuna mtu aliyekuja kwangu. Hakuna. Hilo ndilo jambo moja la mwaka ule ninalolijua kama ninavyolijua jina langu, maana nilizihesabu Jumanne hizo moja moja.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Kitui na mtoto wa miezi miwili, tumepanga chumba orofani katika nyumba ya zamani Mji wa Kale. Mume wangu, Kavumbi, alikuwa utingo wa lori, akiondoka Makupa Jumapili na kurudi akipenda Mungu. Kiswahili changu kilikuwa cha kuvunjikavunjika. Wanawake wa nyumba ile wakisema, maneno yalikuwa yakiteleza kama mafuta, nami nikaona heri nifunge mlango kuliko kuchekwa. Muuguzi wa kliniki akaniona, akaandika jina langu kwenye fomu, akaniambia kuna mama atakuja Jumanne alasiri kuzungumza nami. Nikanunua kikombe cha pili. Nikafagia. Nikabandika chai.

Jumanne ya kwanza nilisema labda amepata udhuru. Ya pili nikasema labda amesahau. Ya tano nilikuwa nimekwisha kuelewa, au nilidhani nimeelewa: kwamba alikuja, akafika mlangoni, akanisikia ninavyomwimbia mtoto kwa Kikamba, akaona huyu si mtu wa kupotezea saa, akarudi. Kilichoniumiza zaidi ni jirani. Chumba kilichofuata changu kilitengwa kwa ukuta wa mbao, na kila Jumanne alasiri, chai yangu ikipoa, nilisikia kwa jirani mwanamke mzima akicheka. Kicheko kinaanza kama kukohoa, kinakwama, kinapasuka. Nilijua ni mkwewe. Nikasema, wenzangu wana wakwe wanaokuja kuwachekesha, mimi hata wa kutumwa na kliniki hanitaki. Siku moja niliinua mkono kuugonga ukuta ule. Sijui ningesema nini wakiitika. Nikaushusha.

Tarehe 14 Aprili, Jumatano, nilimfunga Mumbua mgongoni nikaenda Kibokoni kugombana. Bi Eddah ndiye niliyemkuta. Sikumbuki yote niliyosema, na nashukuru. Nakumbuka kwamba aliniuliza ninakaa wapi, nikamwambia orofani, mlango wa tatu, akaketi ghafla kwenye kiti. Kisha akaniomba maji. Mimi, mgeni, ofisini kwake! Nilimmiminia kutoka kwenye mtungi wake mwenyewe kwa hasira. Akanywa, akasema kesho atakuja mwenyewe. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na akaja, na akaendelea kuja kila Alhamisi kwa miaka miwili.

Hayo nimeyajua siku zote. Nisichokijua ni huyu Wanza mwingine wa kwenye kadi, mshona kofia mwenye mtoto wa kiume. Chini ya ziara ya kumi na moja kulikuwa na mstari mmoja tu, wa tarehe ile ile ya ugomvi: Wanza amekuja ofisini. Basi. Nikachukua kadi iliyofuata, nambari arobaini na mbili. Jina: Mwanabaraka. Na maandishi yake yanaanzia ziara ya kumi na mbili. Kumi na moja za mwanzo hazipo.

Nilizishika kadi mbili zile, moja mkono huu na moja mkono huu, nikahisi kichwa kinazunguka na feni imesimama. Mwanabaraka ndiye jirani yangu wa ukuta wa mbao.

Kwa wasiomjua, Mwanabaraka ndiye aliyeshona kofia zote za kiume mtakazoziona ukumbini Ijumaa. Tumekuwa marafiki tangu siku Bi Eddah alipotufungulia milango yote miwili akatulazimisha kunywa chai pamoja ushorobani, wote wawili tumeinamisha vichwa. Miaka kumi na mitano! Sikupata hata siku moja kumuuliza Bi Eddah alianzaje kuja kwake. Mtu huulizaje jirani mgeni wake katoka wapi? Kicheko nilikitambua baadaye, nikajua tu naye ni wa mradi, yakaishia hapo.

Safari hii niliuliza. Nilimkuta Liwatoni, mumewe Khubaib anakotengeneza mashine za maboti siku hizi, nikamwonyesha kadi mbili. Akazisoma, akaanza kucheka, na alipoona mimi sicheki akanisimulia.

Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka Faza, naye pia akijificha, kwa sababu wenyeji wa Mombasa walikuwa wakimwigiza lafudhi. Yaani alikuwa akiniogopa mimi na mimi namwogopa yeye, mbao moja katikati. Khubaib alikuwa melini, na kabla hajaondoka aliahidi atatafuta mtu wa kumtazama. Basi alipobisha mwanamke mzima, akatoa salamu ndefu, akasema ametumwa kuja kumtazama, Mwanabaraka alijua huyu katumwa na Khubaib. Akamkaribisha, akampa maji. Bi Eddah naye alijua amefika kwa Wanza. Kumuuliza mgeni jina mlangoni ni utovu wa adabu, na kwetu mradini enzi hizo ziara tatu za kwanza zilikuwa marufuku kutoa karatasi wala kuuliza maswali. Mwana, mama, mwana, mama, hivyo ndivyo walivyoitana. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Eddah siku ya tatu alikuwa keshapewa mtoto amwogeshe. Na baada ya mwezi mzima wa kunywa chai ya mtu, utaanzia wapi kumuuliza anaitwa nani?

Na mlango? Nyumba ile ina ngazi mbili. Ya mbele ni ya mawe, ya nyuma ya mbao. Juu kuna vyumba sita, mstari mmoja. Muuguzi aliandika orofani, mlango wa tatu kutoka ngazini. Ukipanda kwa mbele, wa tatu ni wangu. Ukipanda kwa nyuma, wa tatu ni wa Mwanabaraka. Bi Eddah alipanda kwa nyuma, kwa sababu huko ndiko alikokuwa na watu wa kuwaamkia.

Nilikasirika, sitaficha. Kicheko kile kilikuwa changu. Kiliandikiwa mimi, kwa jina, kwa nambari, na kwa wiki kumi na moja kilikwenda mbao moja upande wa pili. Nilimwambia Mwanabaraka hivyo hivyo, pale pale mbele ya mashine za watu. Naye akaniambia jambo ambalo hakupata kumwambia mtu, na ameniruhusu niliandike. Jumanne ile ya kwanza alikuwa amekwisha kufunga nguo zake kwenye kanga. Alikusudia kurudi Faza peke yake. Mtoto alikuwa amemvisha na kumnyonyesha mpaka akashiba, amwache mlango wa jirani, kwa yule mwanamke wa Bara ambaye kilio cha mtoto wake alikisikia ukutani, kwa kuwa mwenye mtoto mchanga hatamtupa mwingine. Mlango huo wa jirani ni wangu. Alikuwa ameshika kitasa Bi Eddah alipopiga hodi.

Sasa nimkasirikie nani? Niambieni. Angepanda ngazi ya mbele ningepata mgeni wangu siku hiyo hiyo, na pengine baada ya robo saa ningepata na mtoto wa pili mlangoni, na Mwanabaraka asingekuwako. Hapakuwa na fomu yake popote. Hakuna muuguzi aliyemwona. Nimelizungusha jambo hili wiki tatu, nikilisukuma huku linarudi kule, na sijapata upande wa kusimama.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Mbaraki. Bi Eddah alikuwa barazani kwake akichambua mnavu. Niliziweka kadi mbili juu ya ungo. Alizitazama, akafuta mikono, akauliza kama nimekunywa chochote tangu asubuhi.

Alisema siku niliyosimama mbele yake na kusema mlango wa tatu, alibaki anajiuliza, basi yule ambaye nimekuwa nikinywa chai yake ni nani? Alichanganyikiwa kuliko mimi nilivyo sasa. Alitaka kuniambia pale pale. Lakini mimi nilikuwa napiga kelele kwamba mlinisikia mkaona sifai, na akaogopa kwamba nikijua alikuwa akicheka ukutani kwangu sitafungua mlango tena maisha. Akasema ataniambia nikipata nguvu. Nilipopata nguvu nilikuwa na furaha, akaionea huruma furaha yangu. Kisha nikaajiriwa, nikapewa meza iliyokabiliana na yake, na miaka ikapita juu ya jambo lenyewe. Alichoweza ni kubadili kanuni: hesabu milango, uliza jina. Na kadi hakuzichoma. Alijua iko siku nitalifungua kabati lile.

Nikamuuliza lile lililonipeleka. Nilimuuliza zile Alhamisi zote, hata ile ya wiki moja baada ya matanga ya Mzee Odera, alipokuja na macho mekundu akaniomba maji kama kawaida, zilikuwa mapenzi au zilikuwa fidia. Sauti yangu haikuwa nzuri. Mimi ni mtu mzima, nina miaka thelathini na mitano, na nililiuliza kama mtoto anayeuliza kama ameokotwa.

Bi Eddah hakucheka. Alisema mwanzoni zilikuwa haya tupu, alikuwa akipanda ile ngazi ya mbele huku akijitukana kwa Kijaluo kila kidato. Haya hiyo iliisha Alhamisi gani, hajui. Siku moja tu alijikuta anakimbia kidogo ngazini kwa kuwa amechelewa, amefika juu anahema, anataka kunisimulia habari ya mbuzi aliyeingia ofisini, na akatambua kwamba hakukumbuka tena alianza kuja kwa sababu gani. Akasema hilo ndilo jibu alilo nalo, na kama nataka lililonyooka zaidi nikamuulize mwingine.

Nililia, akanipa kazi ya kuchambua mnavu. Nikamuuliza kama niyaandike haya au niyaache. Alisema niyaandike, kwani yeye malaika? Bwana Ngowa, aliposoma rasimu, alitaka sehemu ya ngazi iondolewe kwa heshima ya mstaafu. Nimekataa. Watu mia moja thelathini na wawili wamepanda na kushuka kwa ajili ya kosa lile bila kuambiwa, na Bwana Kiti amefungiwa na ndoo za rangi. Wanastahili kujua.

Bado nimechanganyikiwa. Nilitaraji nikifika hapa mwishoni niwe nimetulia, na sijatulia. Nikimfikiria Wanza yule wa miaka ishirini na kikombe chake cha pili, moyo unaniuma. Nikimwona Mwanabaraka anapima kichwa cha mtu kwa uzi, nashukuru Mungu kwa ngazi ya nyuma. Mambo hayo mawili hayakai chumba kimoja, nami nimeacha kuyagombanisha.

Basi, kwa niaba ya Mradi wa Hodi, ahsante Bi Eddah, kwa miaka kumi na tisa ya faili na mitatu ya chai. Mungu akupe afya, magoti yakustahi, wajukuu wakupigie simu pasipo kukumbushwa, na siku zako mpya ziwe na nafasi ya kuamkia watu mpaka uchoke mwenyewe.

Lakini nakujua. Mzee hayupo, watoto wako Nairobi, na Jumatatu ijayo utaamka uvae viatu kabla hujakumbuka. Kwa hiyo nimefungua kadi mpya, nambari mia nne na kumi na nane. Jina: Eddah Awino. Ziara: kila Alhamisi saa kumi. Mgeni: Wanza. Sitaleta kitu, nitaomba maji. Ploti yako ina mageti mawili, nimeshaangalia, na nitahesabu, nitatoka nje, nitahesabu tena. Na ikiwa hata hivyo nitapotea, ukanisikia upande wa pili nikicheka kwa jirani, usikae na chai yako Alhamisi kumi na moja kama mimi. Gonga ukuta, mama. Nitakuja.